Chungu cha Shangazi: Siku Sita kwa Pikipiki, Mbeya hadi Njombe

Alhamisi: Mbeya – Tukuyu

Shangazi yangu yuko Njombe tangu aolewe, na chungu chake cha maharage kilipasuka Krismasi iliyopita. Tangu hapo amejaribu sufuria tatu na zote amezilaumu. "Kwenye sufuria maharage yanaiva, mwanangu," aliniambia kwa simu, "ila hayalainiki." Anachotaka ni chungu cha Wakisi, wa kule upande wa Matema, kama kile alichopewa na mama yake alipokuwa anakwenda kwa mume.

Mimi nina Boxer ya sisi 150 na likizo ya siku sita. Na kwa miaka mingi nimetamani kuvuka Kitulo mwezi wa pili, maua yakiwa yamechanua. Kutoka Mbeya kwenda Njombe kwa lami, kupitia Chimala na Makambako, ni safari ya nusu siku kwenye basi. Nimeamua kuzunguka: nishuke hadi Ziwa Nyasa nichukue chungu, nirudi juu, nikatize Kitulo na Makete, niingie Njombe kwa mlango wa nyuma.

Nimebeba spana namba 10, 12 na 14, plagi ya akiba, waya wa klachi, chubu moja, pampu ya mkono, viraka na gundi, na kidumu cha lita tano cha petroli. Nguo ni chache, ila sweta ni mbili. Mtu wa Mbeya hadanganyiki na jua la asubuhi.

Ukifika Uyole unaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kuanza kupanda. Pale Isongole ukungu ulinipokea kama kawaida yake. Kina mama wamepanga ndoo za viazi kandokando ya lami, kila ndoo imejazwa hadi ikawa na kilima juu yake. Kwenye njia panda ya Isyonje nilisimama dakika mbili nikaitazama ile barabara ya vumbi inayopinda kushoto kwenda Kitulo. Leo haikuwa na vumbi hata chembe, ni tope tupu jeusi. Nikawasha nikaendelea na lami.

Ngozi, lile ziwa lililo ndani ya kreta, nimeshapanda kuliona zaidi ya mara moja, kwa hiyo leo nimelipita. Mlima Rungwe, mita 2,960, sikuuona kabisa. Ulikuwa umejifunika tangu Kiwira. Tukuyu nimefika saa tisa, mvua nayo imefika saa tisa na robo. Huu ni mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na usiku huu nimelala nikizisikia zote juu ya bati.

Ijumaa: Tukuyu – Masoko – Matema

Wengi wanaokwenda Matema hushuka na lami ya Kyela halafu wanakata kwenda Ipinda. Mimi nimepita njia ya ndani, ya Masoko. Kwa pikipiki moja isiyo na haraka, sijui barabara nzuri kuliko hii katika wilaya nzima ya Rungwe. Inashuka katikati ya chai, inaingia kwenye migomba, inatoka kwenye parachichi, inarudi kwenye migomba. Nyumba zimejificha humo humo. Unasikia watu wanaongea na huwaoni.

Ziwa Masoko ni dogo, limekaa ndani ya shimo la volkano kama maji kwenye kibuyu. Wajerumani walijenga boma lao pembeni yake. Kila mtu utakayemuuliza hapa atakusimulia kwamba vita vya kwanza vya dunia vilipowaelemea walitupa fedha zao ziwani. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe wawili alinionyesha kwa fimbo mahali hasa zilipotupwa. Nilipomwaga kwa "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, akacheka, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilipomtajia akanisomea mababu zangu watatu. Unapokuwa kwenye gari na wenzako mzee kama huyu unampungia mkono tu. Ukiwa peke yako juu ya pikipiki, injini ikizimwa, kinachobaki ni wewe na yeye, na hakuna namna ya kuondoka bila kusalimiana vizuri.

Kuanzia Masoko mteremko ni mrefu. Hapa nina neno kwa vijana wanaopenda kutoa gia ili kuokoa mafuta: msifanye hivyo kwenye njia hii. Breki za Boxer yangu ni za ngoma, mbele na nyuma, na zikipata moto zinalainika na kuacha kushika. Mimi naweka gia ya pili, naiacha injini inishike, na breki naigusa tu kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Nilishuka hivyo kwa karibu saa nzima, na joto likawa linapanda kutoka chini kunifuata. Sweta ya kwanza niliivua kwenye migomba, ya pili kwenye kakao.

Kyela ni nchi nyingine kabisa. Mbele ya kila nyumba kuna mkeka wa kakao inayoanikwa, na harufu yake ni kama ya pombe iliyoanza kuchacha. Ukitoka hapo ni mpunga, kijani cha mpunga mpaka macho yachoke. Ipinda nilisimama kwenye mashine ya kukoboa nikaomba pumba. Kijana wa mashine aliniuliza nafuga kuku wangapi. Nilipomwambia ni za kulalia chungu hakuuliza zaidi, akanijazia nusu gunia bure.

Jioni nilifika Matema. Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini, hakuna hata kiwanja cha kusimama kati ya mlima na ziwa. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 700 hivi, na uso wake uko chini sana ukilinganisha na Mbeya, mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Nimeingia majini na vumbi langu lote.

Jumamosi: Matema

Jumamosi kuna soko Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema ukifuata ufukwe. Vyungu vinakuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, upande wa pili wa kona ya mlima, ambako Wakisi wanaishi. Wanaofinyanga ni wanawake. Hawana gurudumu la kuzungusha wala tanuri. Ni mikono na kigae, halafu vinachomwa nje kwa kuni na nyasi. Hata hivyo vinatoka vyembamba, mviringo umekamilika, na shingoni vimepakwa udongo mweupe. Vinasafiri hadi Mbeya na mbali zaidi, na nilipokuwa mtoto nilidhani kila chungu duniani kinatoka huko.

Nilipita mara mbili bila kununua. Mara ya tatu mama mmoja mtu mzima akaniita. "Kijana, wewe unatafuta au unahesabu?" Nikamwamkia, nikamweleza habari za shangazi, maharage, na Njombe. Akanyamaza kidogo. "Unakwenda Njombe na gari?" Nikamwonyesha helmeti. Akaichukua, akaigonga kwa ukucha, akasema helmeti imetengenezwa vizuri, sasa tutafute chungu kinachofanana nayo.

Alichofanya baada ya hapo nakiandika chote, kwa sababu nilijifunza. Alichukua chungu kimoja akakishika mdomoni kwa vidole viwili tu, kining'inie, kisha akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia ng'aa, sauti ikakaa hewani. Akachukua cha pili, akagonga. Kwangu mimi kililia vilevile. Akatikisa kichwa, akanishikisha, akagonga tena karibu na sikio langu. Ndipo nikasikia: sauti ilikatika mapema, kama mtu aliyemeza neno. "Hiki kina ufa ndani. Jicho halioni, moto utaona." Alikiweka pembeni, hakukirudisha kwenye vile vya kuuza. Cha tano ndicho alichonipa, cha kimo cha goti, kizito kidogo chini na chepesi mdomoni.

Kukifunga tulikifunga pamoja. Ndani tulijaza pumba za Ipinda, siyo kushindilia, kujaza tu. Nje, majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, halafu kamba za mgomba zikisokotwa kama wavu. Chini ya yote, kwenye keria, nilitandika gunia la pumba zilizobaki, na chungu nikakikalisha humo kama yai kwenye kiota. Nikakikaza kwa vipande vya chubu kuukuu, ambavyo vinavutika na kurudi, tofauti na kamba ya katani inayobana na kuacha. Alinionya kwamba kuanguka mara moja si tatizo kubwa kama mtetemo wa siku nzima. "Mtetemo unakula udongo polepole," alisema. "Ukifika mahali pabaya, tembea."

Jumapili: Matema – Isyonje

Nimerudi juu kwa lami ya Kyela na Tukuyu, kilomita kama 100, na siku yenyewe haikuwa na mengi. Makanisani wanaimba kila kijiji, na kwaya zinapokezana kiasi kwamba unaingia kwenye sauti ya moja kabla hujatoka kwenye nyingine. Nimeendesha kilomita 35 kwa saa njia nzima. Malori yamenipita, baiskeli moja ya mteremkoni pia imenipita.

Kilichonisimamisha ni injini. Kuanzia juu ya Kiwira pikipiki ilianza kukohoa, ikawa nzito, moshi wa nyuma mweusi. Nilifungua plagi pale pembeni na kuikuta nyeusi ti, imejaa masizi. Kila anayepanda nchi hizi na pikipiki ya kabureta atalikuta hili. Juu hewa ni nyepesi, lakini kabureta inaendelea kumimina petroli ileile iliyopimiwa kule chini. Petroli inazidi hewa, moto hauli vizuri, nguvu inapotea. Fundi wa Isyonje, kijana wa miaka ishirini hivi, hakuhitaji maelezo. Alipuliza filta, akaigeuza skrubu ya kabureta nusu mzunguko, akasikiliza, akageuza robo nyingine. "Hapo utafika Makete. Ukifika Njombe rudisha robo." Alichukua hela ya soda tu. Nikamwongezea, akakataa mara moja halafu akapokea.

Baridi imeanza. Sweta zote mbili ziko mwilini na blanketi la gesti lina uzito wa mbuzi.

Jumatatu: Isyonje – Kitulo – Makete

Nimeondoka saa kumi na mbili na nusu, kabla malori ya viazi hayajaichimba barabara. Usiku mvua haikunyesha, na nilidhani nimebahatika.

Saa ya kwanza ilikuwa ya mashamba: viazi, pareto, ngano kidogo, yamepandwa kwenye miinuko hadi unajiuliza mkulima anasimamaje. Udongo huu mweusi ni wa volkano, ndio unaolisha masoko ya viazi hadi Dar es Salaam, na ndio huohuo unaogeuka sabuni ukilowa. Kwenye mpando wa kwanza wa kweli tairi la mbele likaacha kuzunguka. Siyo kuteleza, lilisimama kabisa, kana kwamba mtu ameshika breki. Tope lilikuwa limejaa kati ya tairi na madigadi likakauka kwa joto la msuguano. Nikalichokonoa kwa kijiti, nikaenda hatua hamsini, likajaa tena. Mara nne.

Walinikuta vijana wawili wa bodaboda wanaoshusha viazi, magunia mawili kila mmoja, tairi za nyuma wamezifunga minyororo ili zishike. Mmoja alisimama bila kuzima. "Kaka, toa madigadi. Huku mwezi wa pili hakuna anayetembea na madigadi ya mbele." Nilitoa spana namba 10, yeye akashikilia usukani, na kwa dakika tano madigadi ikawa imefungwa juu ya kidumu cha petroli. Kuanzia hapo tope lilinirukia kifuani na usoni, lakini gurudumu lilizunguka. Mwenzake alikuwa anakitazama kile kifurushi cha majani ya mgomba. Nilipomwambia ni chungu, akasema mama yake anacho cha hivyo, kimempita umri.

Nataka kusema jambo moja kuhusu barabara hii. Mimi nimekuja kuifurahia, na nimeifurahia. Lakini vijana hawa wanapita hapa kila siku wakiwa na kilo mia mbili nyuma yao, na mama mjamzito wa huku anapita hapahapa, usiku, akitafuta hospitali. Lami ikifika juu huku nitaikosa hii njia na sitanung'unika hata siku moja.

Kisha miti ikaisha, mashamba yakaisha, na Kitulo ikafunguka.

Wenyeji wameiita Bustani ya Mungu tangu zamani, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, zaidi ya kilomita za mraba 400, nyanda iliyokaa kwenye mita 2,600 hivi. Barabara inapita katikati ya nyasi, na nyasi zenyewe huzioni vizuri kwa sababu ya maua. Ya njano yamejaa mpaka kwenye upeo, meupe yamekaa kwa makundi, na marefu yenye vichwa vyekundu na manjano yamesimama kama mienge. Nilizima injini. Kimya kilichofuata kilikuwa na sauti moja tu ndani yake, upepo, na mara mojamoja mbayuwayu akikata chini karibu na magoti.

Okidi haionekani kutoka juu ya pikipiki, hilo nililijua tangu nyumbani. Zipo aina zaidi ya arobaini huku juu, zote zinaota ardhini, na nyingi ni fupi kuliko nyasi. Nilipiga magoti kando ya barabara nikatafuta kwa dakika kumi kabla ya kuiona moja. Shina ni jembamba kama penseli, maua madogo ya rangi ya chungwa lililoiva yamejipanga kulizunguka kama punje kwenye gunzi. Kila ua lina mdomo, na ndani ya mdomo kuna vidoti ambavyo hakuna mtu angeviona bila kulaza shavu kwenye nyasi. Nililaza shavu. Ua moja lilikuwa na mdudu mdogo mweusi ndani yake, amelala au amekufa kwa baridi, na tone la umande lilikuwa kubwa kuliko yeye.

Chini ya shina kama hilo kuna viazi vidogo, na hivyo ndivyo vilivyotaka kuzimaliza okidi hizi. Vilichimbwa kwa magunia vikavushwa mpaka kwenda Zambia, ambako vinatengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Mchimbaji mmoja na jembe moja anaweza kufyeka kwa asubuhi moja kipande kama kile nilichopigia magoti. Nilirudisha nyasi nilizokuwa nimezisogeza.

Nimekaa pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Saa saba wingu lilishuka na mvua ikaja kutoka pembeni, siyo juu. Baada ya kulipita shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, barabara ilianza kushuka, na kwenye kona ya pili tairi la nyuma likaanza kunipita. Kulia kwangu kulikuwa na ukingo wa udongo, kushoto bonde. Niliachia mafuta, sikugusa breki, nikaegemeza uzito wote kulia na kuilaza pikipiki kwenye ukingo. Tulilala polepole, kama ng'ombe anayekunja magoti. Mguu wangu ulikuwa chini ya injini, na nilichofanya kwanza kabla ya kuuvuta ni kunyoosha mkono nyuma na kugusa chungu. Kilikuwa kwenye kiota chake. Sikuweza kukigonga, majani yalikuwa mengi.

Nilikumbuka neno la yule mama. Kilomita tatu zilizofuata nilitembea, gia ya kwanza, klachi nusu, pikipiki ikitambaa kando yangu kama punda. Vidole vilikufa ganzi hadi nikawa navitazama ili kujua kama vimeshika. Makete nimeingia saa moja usiku. Mama wa gesti aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, hakuniuliza jina, akaniletea jiko la mkaa na uji kwanza, daftari la wageni baadaye.

Jumanne: Makete – Njombe

Zaidi ya kilomita 100 na sehemu kubwa ni lami. Nimepita Tandala, nimepita Ikonda penye hospitali inayojaa wagonjwa kutoka mikoa ya mbali, nikaingia kwenye misitu ya mipaina na mashamba ya chai. Jua limetoka siku nzima, na tope la jana lilikuwa linabanduka kwenye suruali na kuanguka vipandevipande njiani.

Njombe nilirudisha skrubu robo kama nilivyoagizwa. Saa nane nilikuwa uani kwa shangazi.

"Kamwene," nikamsalimia kwa salamu ya huko kwake sasa, halafu shikamoo. Hakuitikia hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye keria na kuanza kufungua kamba za mgomba fundo kwa fundo, bila kisu, kwa sababu kamba nzuri haikatwi. Majani aliyaweka pembeni kwa kuwashia moto. Pumba alizimwaga kwenye ungo, zote, mpaka za kwenye gunia.

Kisha akakishika chungu mdomoni kwa vidole viwili, akakining'iniza, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Sikuwa nimemwambia. Kikalia, na sauti ikakaa.

"Marahaba," akasema.

Leo hakipikiwi kitu. Kimewekwa motoni na maji na pumba zile za Ipinda, yachemke polepole mpaka usiku, ili wanga wake uzibe vitundu vya udongo. Jiko lote linanuka mpunga. Nje mvua imeanza tena, pikipiki iko upenuni bila madigadi, na shangazi amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua maharage ya kesho.